Kiumbe mzururaji hajaja kukunyima uamuzi

Kuna maneno nayasikia kila watu wa gemu za kuigiza wahusika mezani wanapoanza kubishana, kwamba matukio ya njiani, yale ambayo dadu inayachagua kutoka kwenye jedwali la viumbe, ni kupoteza muda tu. Mnaenda zenu kumuokoa binti wa mfalme, mwendesha gemu, yule anayesimulia dunia na kusimamia kanuni, anarusha dadu nyuma ya kizuizi chake, anasema mmevamiwa na mbwa mwitu 4, mnapigana dakika 40, mbwa mwitu wanakufa, safari inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Wengine wanaenda mbali zaidi wanasema dadu inamnyima mchezaji uhuru, maana yeye hakuchagua kukutana na mbwa mwitu, kaletewa tu. Kwa hiyo ushauri wao ni futa jedwali, panga mapigano yako mwenyewe, kila moja liwe na sababu kwenye stori.

Mi nakataa, na nakataa kwa moyo wote maana hii ishu naipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye hizi gemu. Wale mbwa mwitu 4 ni tukio bovu, hapo hatubishani. Ila ukiangalia vizuri ubovu wake haujatoka kwenye dadu, umetoka kwenye lile neno "mmevamiwa". Mwendesha gemu kaamua kwa niaba ya kila mtu kwamba mbwa mwitu wana njaa, wameshafika miguuni kwenu, na kinachofuata ni kupigana. Hapo wachezaji hawana cha kuamua zaidi ya nani ampige nani. Dadu ilisema mbwa mwitu, basi, hayo mengine yote yameongezwa na binadamu.

Turudi nyuma kidogo tuone hii kitu ilianzaje, maana ukijua ilikuwa inafanya kazi gani utaelewa kwa nini leo inaonekana haina kazi. Dungeons & Dragons ilitoka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, vijitabu 3 ndani ya boksi, na humo tayari kuna kanuni ya wazururaji, yaani viumbe wanaotembeatembea na mnaoweza kukutana nao popote. Mko chini ya ardhi mahandakini, kila zamu ikiisha mwendesha gemu anarusha dadu ya pande 6, ikitoka 6 kuna kitu kinakuja. Zamu moja ni dakika 10 za ndani ya gemu. Toleo la 1981, lile alilolihariri Tom Moldvay, likalegeza kidogo, unarusha kila baada ya zamu 2 na ikitoka 1 ndo balaa. Piga hesabu: saa nzima mahandakini ni kurusha mara 3, na chansi ya kukutana na angalau kitu kimoja ni kama asilimia 42. Mkikaa saa mbili mnakaribia theluthi mbili.

Hiyo namba peke yake haina utamu mpaka uiweke pembeni ya zile kanuni nyingine. Mwenge mmoja unawaka zamu 6. Kupekua kipande cha ukuta cha futi 10 kutafuta mlango wa siri kunakula zamu nzima, na hata kama mlango upo chansi ya kuuona ni 1 kati ya 6. Ukitembea mwepesi unaenda futi 120 kwa zamu, ila ukiwa umevaa chuma na umebeba hazina unashuka hadi futi 30. Yaani kadiri mnavyopata ndivyo mnavyochelewa kutoka, na kadiri mnavyochelewa ndivyo dadu inavyozidi kurushwa, na hakuna mtu aliyewalazimisha, nyie wenyewe ndo mmesema tubebe na ile sanamu ya shaba.

Alafu kuna pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika levo, na hapa ndo wengi hawapajui kabisa. Kwenye toleo lile la 1981 sarafu 1 ya dhahabu mliyotoka nayo hai ni pointi 1. Goblini mmoja (kiumbe mdogo mkorofi wa mahandakini) aliyekufa ni pointi 5, na hizo 5 mnagawana kundi zima. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kufika levo ya 2. Kwa hiyo ukitaka kupanda kwa kuua goblini peke yako unahitaji goblini 400, au utafute sanduku moja zuri la dhahabu uondoke nalo kimya kimya. Na wazururaji kwa kawaida hawana mali ya maana, mali imebaki makwao. Kupigana nao ni hasara tupu: unapoteza damu, unapoteza uchawi wako wa siku, unapata pointi za kuhesabika. Mchezaji aliyeelewa hivyo akisikia hatua kwenye giza haulizi "tunarusha dadu ya nani aanze?", anauliza "wanakuja upande gani, na tunaweza kuzima taa?"

Ndo hapo naposema mzururaji anazalisha maamuzi. Kabla hata hajatokea ameshawafanya mjiulize kama ukuta huu unastahili dakika 10 zenu, kama mlango huu uvunjwe kwa shoka au mtafute njia ya kuzunguka, kama mganga apumzike hapa au mjikokote hivyo hivyo mpaka nje. Gemu isiyo na saa haina haya maswali. Kama kupekua ni bure basi pekueni kila ukuta, kila jiwe, kila mfuko wa maiti, hakuna sababu ya kutofanya hivyo, na kitu ambacho hakuna sababu ya kutokukifanya huwezi kusema umekichagua.

Nini kilitokea baadaye? Mambo mawili, kwa mtazamo wangu. La kwanza, pointi zilihama. Toleo la 2 la 1989 likaifanya ile kanuni ya pointi za dhahabu kuwa ya hiari, na toleo la 3 la 2000 likaweka pointi kwenye kushinda changamoto, na meza nyingi zikaelewa changamoto ni zimwi aliyekufa. Sasa mzururaji kawa mshahara unaotembea. Ukikutana naye unafurahi, unamfuata, unampiga, hakuna tena sababu ya kula kona. La pili ni gemu za kompyuta na televisheni. Dragon Quest ya 1986, Final Fantasy ya 1987, unatembea kwenye ramani unakata mitaa, ghafla skrini inabadilika, uko vitani. Gemu zile hazikukuachia umuongeleshe zimwi au umtupie nyama akupishe, na mimi siwalaumu waliozitengeneza, walifanya makubwa na nafasi ndogo. Ila kizazi kizima kimejifunza kutoka pale kwamba "tukio la njiani" maana yake ni pigano linaloanza lenyewe, na wamekuja nayo mezani, mahali ambapo kuna binadamu kabisa kakaa mbele yao anayeweza kujibu swali lolote.

Wakati kwenye vile vitabu vya zamani pigano ni hatua ya mwisho mwisho kabisa. Ngoja niipitie taratibu maana ndani yake kuna ufundi mwingi. Dadu imesema kuna kitu kinakuja. Unaangalia jedwali, ni nani. Unaangalia umbali: dadu 2 za pande 6, jumla yake mara futi 10, kwa hiyo wanaweza kuwa futi 20 au futi 120, na wastani ni 70. Unaangalia kama kuna upande umeshtukizwa. Na kama hujui tayari hao viumbe wana mtazamo gani, unarusha tena dadu 2 kuona wameingiaje. Ikitoka 2 wanashambulia hapo hapo. 3 mpaka 5 ni wakali na wanaweza kushambulia. 6 mpaka 8 hawaelewi, wanawaangalia mnawaangalia. 9 mpaka 11 hawana haja na ugomvi, wanaondoka au wanasikiliza mna ofa gani. 12 wamewapenda.

Sasa angalia chansi zake. Shambulio la papo kwa papo ni 1 kati ya 36, haifiki hata asilimia 3. Wasioeleweka ni 16 kati ya 36, asilimia 44. Maana yake matokeo ya kawaida kabisa ya kukutana na goblini gizani ni goblini wanaosita. Kanuni yenyewe imewawekea wachezaji mlango wazi, inawaambia haya, mpira uko kwenu, ongeeni, rudini nyuma, wapeni kitu, wadanganyeni, au wapigeni kama mmeona hivyo ni bora. Na hata mkipigana kuna kipimo cha moyo, wakifa wa kwanza unarusha kuona kama wenzake wanabaki, wakipungua nusu unarusha tena, na wengi wanatoka nduki. Na mkikimbia nyie, mnaweza kudondosha mali, na kama wanaowafukuza ni wapenda mali kuna chansi ya nusu kwa nusu wakaacha kuwafukuza waokote. Kwa wasio na akili mnadondosha chakula. Mguu niponye nayo imeandikiwa kanuni, na ni kanuni nzuri.

Nitatoa mfano mmoja wa mezani kwetu kwa sababu ulinionyesha hii kitu ikifanya kazi yote kwa pamoja. Kundi lilikuwa limefika kwenye mlango wa mbao uliofungwa kwa mikanda ya chuma, chini kabisa ya ngome iliyozama. Mwizi wa kundi alijaribu kufuli, kufuli likagoma. Niliwaambia wazi, shoka litafungua lakini kelele yake itanifanya nirushe dadu ya ziada, njia ya kuzunguka ipo ila imejaa maji ya kiunoni na itakula zamu 3 na mnao mwenge mmoja na nusu. Wakabishana. Mchezaji wa kuhani alitaka warudi juu kabisa, anasema "jamani tumeshapata ya kutosha," mpiganaji anasema "tumetoka mbali kote huku tuishie mlangoni?" Wakachagua shoka. Nikarusha mbele yao, ikatoka 1.

Jedwali likasema hobgoblini 7, hao ni goblini wakubwa. Umbali futi 80. Mtazamo, 8, yaani hawaeleweki kabisa. Hapo kazi yangu ni moja tu, kujibu kwa nini hobgoblini 7 wenye silaha wanasikia shoka likipasua mlango alafu wanasimama futi 80 hawasogei. Nikaangalia jedwali langu, nilikuwa nimeandika kwenye mstari wao kwamba wana ugomvi na kitu kinachokaa kwenye maji. Basi nikasema mnaona taa moja, imeshikwa chini sana, na nyuma ya taa kuna wawili wamebeba mwenzao kwenye blanketi, mguu wake umevimba mpaka umebadilika rangi. Aliyeshika taa hasemi kitu, anamuangalia kuhani, kwa sababu ameuona mkufu wake shingoni.

Meza ikanyamaza alafu ikalipuka. Kuhani alikuwa na uponyaji mmoja tu kwa siku nzima. Akiutumia hapa, hawana tena. Wasipoutumia, kuna hobgoblini 6 wazima ambao bado hawajaamua. Wapige kwanza? Futi 80 ni mishale, wangeweza kumwangusha mmoja au wawili kabla hawajafika. Wachezaji walizungumza muda mrefu kuliko pigano lolote tulilowahi kuwa nalo chini kule, na mwishowe kuhani akaenda mbele peke yake, mikono juu, akamponya yule majeruhi, akauliza kuna nini nyuma ya mlango. Wakaambiwa. Wakaachana na ule mlango. Na baadaye, juu kabisa, karibu na kutokea, mwizi akang'atwa na kile kitu cha kwenye maji, na uponyaji haukuwepo. Alinusurika kwa pointi 1 ya uhai. Hakuna hata mmoja mezani aliyesema dadu imewaonea, kwa sababu kila hatua ya ile njia walikuwa wanakumbuka wameikanyaga wenyewe.

Stori ile sikuipanga. Nisingeweza kuipanga. Ningekaa wiki nzima naandika nisingewaza majeruhi kwenye blanketi, kilichomleta ni ile 8.

Sasa tuje kwenye jitu, maana huwezi kuongelea uhuru wa mchezaji bila kumuongelea jitu. Ni mfano maarufu kwa watu wa hizi gemu: mwendesha gemu kaandaa jitu zuri, ana jina, ana rungu, ana hotuba. Wachezaji wamefika njia panda. Wakienda kushoto, jitu liko kushoto. Wakienda kulia, jitu liko kulia. Wanaliita jitu la kwantamu kwa sababu halina mahali mpaka mchezaji achague. Watetezi wake wanasema wachezaji hawajui, kwa hiyo hawajaibiwa kitu. Na hao hao ukiwauliza kuhusu jedwali wanakwambia si ndo yale yale, kushoto wangekutana na kitu na kulia wangekutana na kitu, tofauti iko wapi?

Tofauti ipo na kwangu ni kubwa sana. Jitu linakuja kwa sababu mimi nimeshaamua litakuja. Njia panda yangu ni mapambo. Nawauliza mnaenda wapi huku jibu lao halibadilishi chochote, ni kama refa aliyeingia uwanjani matokeo anayo mfukoni. Jedwali halijui wachezaji ni nani wala mimi nimelala vipi jana usiku. Na zaidi, majedwali yanatofautiana. Njia ya kushoto inapita msituni, ni siku 2, dadu inarushwa mchana na usiku, na jedwali lake lina dubu, wawindaji, na kitu kimoja kibaya sana kwenye mstari wa mwisho. Njia ya kulia ni barabara ya wafanyabiashara, siku 4, dadu mara moja kwa siku, jedwali lina walinzi, mahujaji, na majambazi wanaotaka pesa zaidi ya roho. Ukichagua kushoto umechagua hatari ya namna fulani ili uokoe siku 2. Hukuchagua dubu, sawa, lakini umechagua kwenda mahali penye dubu, na ndivyo uamuzi wowote wa maana ulivyo, hujui kitakachotokea ila unajua unajiingiza kwenye nini.

Hapo kwenye "unajua" ndo pana kazi. Kama wachezaji hawajui msitu una nini na barabara ina nini, wanarusha sarafu tu, na hapo watetezi wa jitu wana haki ya kuniuliza tofauti iko wapi. Kwa hiyo lazima habari ziwafikie kabla. Mzee wa kituo cha mwisho anawaambia wawindaji 3 hawajarudi. Kwenye matope kuna nyayo pana kuliko ngao. Harufu. Mti uliochunwa magome mpaka urefu wa watu wawili. Kuna mtindo nauamini sana siku hizi wa kuifanya dadu ya pande 6 iwe na majibu zaidi ya ndiyo na hapana: 1 mnakutana na kitu, 2 mnaona dalili ya kitu, 3 mwenge unapungua, 4 mmechoka mnahitaji kupumzika, zilizobaki kimya. Ile 2 ndo naipenda kupita zote. Dalili inamwambia mchezaji kinachozurura hapa ni nini, na inamwachia nafasi ya kugeuza, kujificha, kutega, au kukaza mwendo. Akiendelea mbele baada ya kuona nyayo zile, liwalo na liwe, hiyo ni yake.

Vitabu vya mwanzo havikuogopa kuweka hatari isiyolingana na kundi, na hili watu wa leo wanaliona kama kasoro. Kile cha 1974 kinasema orki wakionekana nyikani idadi yao ni 30 mpaka 300. Goblini 40 mpaka 400. Mtu akisoma hizo namba akiwa na akili ya "tukio ni pigano" anaona waandishi walichanganyikiwa. Hebu zisome tena ukiwa na akili ya mtu anayechagua njia. Orki 200 hawawezi kuwa pigano. Ni jeshi, ni moshi unaouona tangu asubuhi, ni swali la mnajificha, mnawazunguka, mnakimbia kuwaambia watu wa bondeni, au mna kitu cha kuwauzia. Mtu akizoea kwamba kila anachokutana nacho kimepimwa kiwe saizi yake, hataona sababu ya kuchungulia kabla ya kuingia, na ataacha kabisa kufikiria kurudi nyuma.

Traveller ya 1977, ya Marc Miller, iko angani kabisa, mbali na mahandaki, lakini nayo imejaa majedwali. Wanyama wana majedwali yao kulingana na ardhi ya sayari. Na kuna majedwali ya watu wa kukutana nao, wakiwemo wale wanaotafuta mtu wa kuwafanyia kazi. Hilo ni wazo zuri sana, kwamba dadu inaweza kukuletea mwajiri. Kampeni nzima, yaani stori inayochezwa vikao vingi, inaweza kuanza kwa sababu mlikaa bandarini wiki moja zaidi mkisubiri kipuri, dadu ikamleta mtu mwenye pesa na siri, na nyie mkakubali au mkakataa. Nashangaa sana meza nyingi bado zina majedwali yaliyojaa meno na kucha tu.

Jedwali langu mimi naliandika hivi. Kila mstari lazima useme kiumbe ni nani, anafanya nini sasa hivi, na anataka nini. "Mifupa 6 inayotembea" haitoshi. "Mifupa 6 inahamisha mawe kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na ukihamisha jiwe moja na wewe haikugusi" inatosha, hapo mchezaji ana cha kuchezea. "Mfanyabiashara" haitoshi. "Mfanyabiashara anayefukuzwa, anauza kila kitu nusu bei ila anataka mumfiche mpaka usiku" inatosha. Ukishaandika anachotaka, mtazamo wowote utakaotoka kwenye dadu utapata maana yake, hata 12. Napenda dadu 2 kuliko 1 maana za kati zinatoka sana na za pembeni ni adimu, kwa hiyo mwenyeji wa eneo namweka kwenye 7 na joka namweka kwenye 2, mara 1 kati ya 36, lipo, kila mtu anajua lipo, ila si kila siku. Toleo la 5 la Dungeons & Dragons, la 2014, lina njia yake nzuri, dadu ya pande 12 na ya pande 8 pamoja, inakupa jedwali la 2 mpaka 20 ambapo za kati kuanzia 9 mpaka 13 zina chansi sawa kabisa, na pembeni zinateremka. Ukiwa na eneo kubwa lenye wenyeji wengi hiyo ni bora.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Kama gemu yenu haina saa, kama kuchelewa hakuna bei, hakuna mwenge unaoisha wala adui anayesogea, basi ondoa matukio ya njiani, kweli kabisa, yatakuwa usumbufu. Kampeni ya njama za ikulu ambapo kila kikao ni mazungumzo haihitaji mbwa mwitu kwenye korido. Sisemi jedwali liwekwe kila mahali. Nasema usiliondoe kwenye safari na kwenye mahandaki alafu ukashangaa wachezaji wako wanalala masaa 8 kila baada ya chumba kimoja ili uchawi urudi. Wanafanya hivyo kwa sababu umewaambia kulala ni bure.

Ile hoja kwamba inachelewesha kikao sioni uzito wake. Pigano ndo linachelewesha. Kukutana, kupima, kuongea na kuachana kunaweza kuchukua dakika 5.

Kilichobaki ni kifo, na hapa watu wanaumia kweli kweli. Mhusika umemchezesha mwaka mzima, ana ndugu, ana deni, ana kisasi, alafu anauliwa na buibui wa kwenye jedwali kwenye korido isiyo na jina. Wanasema afadhali mwendesha gemu ageuze dadu, aseme buibui amekosa. Nawaelewa na siwezi kufanya hivyo. Nikigeuza mara moja, basi kila mara ambayo sikugeuza nimeua mtu kwa makusudi, na kila ushindi wao kabla ya hapo unakuwa na alama ya kuuliza. Ndo maana narusha mbele ya kila mtu, kizuizi nimekiweka kabatini, na kabla sijarusha natamka kwa sauti kinachoamuliwa: 1 kuna kitu, na kitu hicho kiko umbali huu. Nafanya kazi yangu kabla ya dadu. Nimewapa dalili? Wamejua eneo hili ni la nani? Walikuwa na njia ya kutokea? Walijua kelele ina bei? Kama jibu la hata moja ni hapana, sirushi, nawapa kwanza hiyo habari alafu nawauliza upya mnafanya nini. Kama yote ni ndiyo, buibui anauma kama anavyouma.

Na mchezaji aliyefiwa na mhusika namwachia jedwali alione kama anataka, mstari wa buibui na mistari mingine yote, na ramani ya ile korido. Mara nyingi wanaomba kuona njia nyingine ilikuwa na nini, ile waliyoiacha, na wanakaa pale na wenzao wanabishana kama wangepita kule ingekuwaje.